Uvimbe wa mama umesambaa hadi kwenye ini: je, operesheni itamsaidia?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika mwenyewe kwa sababu familia yetu imegawanyika na muda tuliopewa ni mfupi. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watatu, na ninaishi Tanga pamoja na mama yetu mwenye umri wa miaka 57.

Kwa miaka kama mitatu mama amekuwa akiharisha, wakati mwingine mara sita au saba kwa siku, na usiku pia huamka kwenda chooni. Ametibiwa amiba mara nyingi, akatibiwa minyoo, akaambiwa aache maziwa, lakini hakupata nafuu ya kudumu. Pamoja na kuharisha alikuwa akipatwa na joto la ghafla usoni na kifuani, hasa akila chakula chenye pilipili au akikasirika, na kwa kuwa umri wake ni wa kukoma hedhi sote tuliamini kuwa ni mambo ya umri. Mwaka huu alianza kukonda na kuumwa tumbo la chini upande wa kulia. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe katika ini, na katika hospitali moja tukaambiwa, tukiwa tumesimama kwenye korido, kwamba ni saratani ya ini iliyofika hatua ya nne, na kwamba tumrudishe nyumbani tumpe chakula anachokipenda.

Mjomba hakukubali. Tulikwenda hospitali nyingine ya rufaa, mama akafanyiwa kipimo cha CT na akachukuliwa kinyama kwenye ini. Karatasi ya majibu ilisema ni uvimbe wa nyuroendokrini, daraja la pili, Ki-67 asilimia 4. CT inaonyesha uvimbe wa sentimita mbili karibu na mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, na vivimbe tisa katika ini: saba upande wa kulia na viwili upande wa kushoto, kikubwa kikiwa na sentimita nne. Ameanza kuchomwa sindano ya oktreotaidi, inayotuliza homoni za uvimbe, kila baada ya siku 28, na kuharisha kumepungua sana. Sasa daktari wa upasuaji anasema anataka kuondoa uvimbe wa utumbo na vivimbe vya ini, na ametupa tarehe iliyo wiki tano kutoka leo.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Shangazi anasema saratani ikiguswa na kisu husambaa, na ametaja watu wawili aliowafahamu waliokufa baada ya operesheni. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye anafanya kazi Muscat na ndiye atakayebeba sehemu kubwa ya gharama, anasema Steve Jobs, yule mwanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwa na ugonjwa huu huu, akapasuliwa, akapandikizwa ini, na bado alikufa pamoja na utajiri wake wote. Kwa hiyo ni heri mama aendelee na sindano tu. Kitinda mimba wetu anataka mama apasuliwe hata kesho. Mama mwenyewe hajaambiwa neno saratani. Anajua tu kuwa ana uvimbe tumboni.

Ninaomba unieleze ukweli: je, mama akipasuliwa atapona? Ugonjwa utarudi? Na je, tumwambie?

Kifungua mimba, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Umeandika kwa utulivu na umenipa vipimo vyote vinavyohitajika, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Neno la mwisho, hata hivyo, litabaki kwa madaktari wanaomwona mama na kumpima.

Mama hana saratani ya ini. Ana uvimbe ulioanzia kwenye utumbo mwembamba, katika chembe zinazotengeneza homoni (ndio maana unaitwa wa nyuroendokrini), kisha ukapeleka mbegu zake kwenye ini. Ini ndilo kituo cha kwanza cha karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo, kwa hiyo si ajabu kwamba ndilo linalopokea uvimbe wa namna hii kuliko kiungo kingine chochote. Tofauti kati ya magonjwa haya mawili ni kubwa mno. Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe, ambayo kwetu mara nyingi hutokana na homa ya ini aina ya B, inaweza kumwondoa mtu kwa miezi michache. Uvimbe wa nyuroendokrini wa daraja la chini hukua taratibu, na wapo watu wanaoishi nao miaka mingi hata ukiwa umeshasambaa. Kumwambia mtu hatua ya nne bila kumwambia ni hatua ya nne ya ugonjwa gani ni kumnyima habari iliyo muhimu kuliko zote, na ninasikitika kwamba mliambiwa hivyo, tena kwenye korido.

Hata miaka mitatu ya kutibiwa amiba ina maelezo. Homoni zinazotoka kwenye uvimbe wa utumbo, hasa serotonini, hupita kwanza kwenye ini, na ini huzivunja kabla hazijafika mwilini. Vivimbe vikishaota ndani ya ini lenyewe, homoni zao humwagika moja kwa moja kwenye damu inayokwenda kwenye moyo, na hapo ndipo kuharisha na joto la ghafla huanza. Vitabu vingi huandika kwamba uso wa mgonjwa huwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mgonjwa huhisi moto tu, na anayemtazama haoni kitu. Ninaamini wanawake wengi wa umri wa mama yako huambiwa ni kukoma hedhi kwa sababu hiyo. Kuharisha pamoja na joto la ghafla linaloamshwa na chakula au hasira, vikidumu kwa miezi, vinastahili kipimo.

Sasa shika ile karatasi ya majibu ya kinyama, kwa sababu mjadala wote wa familia yenu unapaswa kuanzia hapo. Mpatholojia huzitazama chembe za uvimbe kwa darubini baada ya kuzipaka dawa inayofanya zile zinazojigawa zionekane kwa rangi tofauti, kisha huzihesabu. Ki-67 asilimia 4 maana yake ni kwamba katika kila chembe 100, takriban nne tu ziko katika kazi ya kujigawa. Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, kuanzia 3 hadi 20 ni daraja la pili, na zaidi ya 20 ni daraja la tatu. Mama yuko mwanzoni kabisa mwa daraja la pili, jirani na la kwanza. Kama karatasi ingesema asilimia 40, ningekuandikia barua nyingine kabisa, na huenda nisingezungumzia kupasua ini hata kidogo. Kwa kuwa namba hii ina uzito mkubwa namna hiyo, na kwa kuwa ugonjwa huu si wa kila siku hata kwa wapatholojia wetu, ninashauri muombe vile vitofali vya nta vilivyohifadhi kinyama visomwe na mpatholojia wa pili kabla ya operesheni. Hilo ni jambo la kawaida na daktari mwema hatalichukia.

Umeuliza kama atapona. Nikikujibu ndiyo nitakuwa nimekudanganya, na nikikujibu hapana nitakuwa nimekuficha sehemu kubwa ya ukweli. Mwaka 2003 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 170 waliokatwa sehemu ya ini kwa sababu ya ugonjwa huu. Miaka mitano baadaye asilimia 61 walikuwa hai, na miaka kumi baadaye asilimia 35. Wagonjwa 108 walikuwa wakisumbuliwa na homoni kama mama yako, na 104 kati yao walipata nafuu ya dalili baada ya operesheni. Waliokufa kutokana na operesheni yenyewe walikuwa asilimia 1.2. Mwaka 2010 hospitali nane za nchi mbalimbali ziliunganisha kumbukumbu za wagonjwa 339 na kukuta asilimia 74 wakiwa hai baada ya miaka mitano na asilimia 51 baada ya miaka kumi. Kwa ugonjwa uliokwishafika kwenye ini, saratani chache sana hutoa matokeo ya namna hiyo.

Lakini katika tafiti hizo hizo ugonjwa ulirudi, au ulionekana tena, ndani ya miaka mitano kwa asilimia 84 ya wagonjwa wa Mayo na asilimia 94 ya wagonjwa wa zile hospitali nane. Ninataka wadogo zako wazisome namba hizo pamoja na zile za kwanza, bila kuruka hata moja. Wengi waliishi miaka mingi, na karibu wote ugonjwa uliwarudia. Sababu yake ilionekana vizuri katika kazi ya wapasuaji wa Villejuif, karibu na Paris, iliyochapishwa pia mwaka 2010: walichukua vipande vya ini walivyovitoa, wakavikata vyembamba sana na kuvipekua, wakagundua kwamba picha zilizopigwa kabla ya operesheni hazikuwa zimeona hata nusu ya vivimbe vilivyokuwemo. Kwa hiyo vile tisa vya mama ni vile vinavyoonekana. Vingine vidogo kama punje ya mtama huenda vipo, na vitachukua miaka kujitokeza.

Kuna tahadhari nyingine ambayo daktari wenu huenda hakupata nafasi ya kuieleza. Namba hizi zinatoka kwa watu waliochaguliwa kupasuliwa, yaani wale waliokuwa na nguvu, wenye vivimbe vinavyofikika na moyo mzima. Hakuna utafiti uliowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapasuliwe ini na nusu wasipasuliwe, kisha ukawalinganisha. Sehemu ya miaka hiyo ya ziada inatokana na kisu, na sehemu nyingine inatokana na kwamba waliofika mezani walikuwa na hali nzuri tangu mwanzo. Hata hivyo kumbukumbu zinaonyesha kwamba wanaofaidika zaidi ni wenye dalili za homoni, ambao ugonjwa wao ni wa daraja la chini na unaweza kuondolewa wote au karibu wote. Wasio na dalili, ambao ini lao limeshavamiwa zaidi ya robo, faida yao ya kupasuliwa haikuonekana ilipolinganishwa na tiba zinazopitishwa kwenye mishipa ya ini. Kwa maelezo uliyonipa, mama yako yuko katika kundi la kwanza. Kama angekuwa dada yangu, ningeegemea upande wa operesheni, kwa masharti nitakayoyataja.

Jambo la kwanza ni aina ya operesheni. Wengi wakisikia kukatwa ini hudhani daktari ataondoa upande mzima. Kwa ugonjwa huu, ambao unajulikana kwamba utarudi, mpasuaji mwenye busara hutunza nyama nzima ya ini kadiri awezavyo: hutoa kila kivimbe na ukingo mwembamba tu unaokizunguka, kama mtu anayetoa macho ya nanasi bila kupoteza tunda, na vile vidogo vilivyojificha ndani huvichoma kwa joto la sindano maalumu. Ini huota tena, lakini mtu mwenye ini lenye afya anahitaji kubaki na angalau asilimia 20 hadi 30 ili aweze kuishi, na tena mama anahitaji akiba kwa ajili ya matibabu ya miaka ijayo. Zamani ilisemwa kwamba operesheni haina maana kama haitaondoa angalau asilimia 90 ya uvimbe unaoonekana. Siku hizi vituo vingi vinakubali asilimia 70, hasa pale ambapo dalili za homoni zinamtesa mgonjwa. Muulizeni daktari anatarajia kuondoa kiasi gani na kubakiza ini kiasi gani. Asipoweza kuwajibu kwa namba, au kama operesheni za ini si kazi yake ya kawaida, ombeni rufaa. Hospitali kama Muhimbili na KCMC zina wataalamu wanaoweza kukaa pamoja na wenzao wa saratani na wa mionzi kulijadili jalada la mama kabla ya mtu yeyote kushika kisu, na kikao cha namna hiyo kina thamani kubwa kuliko uamuzi wa daktari mmoja, hata awe hodari vipi.

Uvimbe wa utumbo nao usisahauliwe kwa sababu ya ini. Ni mdogo, lakini aina hii hukunja na kukaza utando unaobeba mishipa ya damu ya utumbo, hadi siku moja utumbo huziba au kukosa damu, na mgonjwa hukimbizwa hospitali usiku. Maumivu ya upande wa kulia uliyoyataja huenda yanatoka huko. Ndiyo maana mara nyingi huondolewa pamoja na tezi za karibu yake. Mara nyingi pia kibofu cha nyongo hutolewa katika operesheni hiyo hiyo, kwa sababu sindano za muda mrefu husababisha mawe ya nyongo; mkiliona hilo kwenye fomu ya idhini msishtuke.

Shangazi yako asidharauliwe. Watu wawili aliowaona wakifa baada ya operesheni walikuwepo kweli, na katika nchi ambayo wagonjwa wengi hufika mezani wamechelewa, kila mtaa una ushahidi wa aina hiyo. Mwelezeni kwa heshima kwamba uvimbe wa mama ulisambaa kabla kisu chochote hakijamgusa, na kwamba waliopasuliwa ni wale wale ambao wengi wao walifikisha miaka mitano, na baadhi yao kumi. Hatari za kweli ni nyingine: kuvuja damu, nyongo kuvuja, maambukizi, ini lililobaki kushindwa kazi. Katika wale wagonjwa 170, asilimia 14 walipata matatizo makubwa. Na ipo hatari moja ya pekee kwa ugonjwa huu, ambayo inafaa shangazi aisikie kwa sababu inaweza kuzuiwa. Dawa ya usingizi, au mkono wa mpasuaji unapoubinya uvimbe, inaweza kufanya homoni zifumke kwa wingi ghafla, shinikizo la damu likaporomoka na pumzi ikabana. Kwa sababu hiyo daktari wa usingizi lazima ajue mapema kwamba huu ni uvimbe wa homoni, na oktreotaidi ya kupitisha kwenye mshipa iwe imeandaliwa chumbani kabla, wakati na baada ya operesheni. Sindano yake ya kila mwezi peke yake haitoshi kwa siku hiyo.

Moyo nao unahitaji kupimwa. Serotonini ikimwagika kwa miaka inaweza kukakamaza vali za upande wa kulia wa moyo, na kwa mtu mwenye vali mbovu damu hurudi nyuma na kulijaza ini, hali inayofanya kulikata kuwe na hatari kubwa ya kuvuja damu. Mama ameharisha miaka mitatu. Kama hajafanyiwa kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, afanyiwe kabla ya tarehe hiyo, na kama vali zina tatizo, mpango wote utabadilika. Kwangu mimi hili ni sharti.

Mdogo wako wa Muscat ana hoja mbili, na moja ni nzuri kuliko nyingine. Ya Steve Jobs naiheshimu kama wasiwasi wa mtoto, lakini haifanani na habari ya mama. Uvimbe wake ulianzia kwenye kongosho, na habari zake zinajulikana: uligunduliwa mwaka 2003, akachelewesha operesheni kwa miezi kama tisa, akapasuliwa mwaka 2004, akapandikizwa ini huko Memphis, Marekani, mwaka 2009 na kufariki Oktoba 2011. Hiyo ni miaka minane tangu agundulike, na haithibitishi kwamba kupasuliwa ni bure. Kuhusu upandikizaji, wapo wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa ukali mkubwa, hasa katika kituo cha Milan, Italia, walioishi muda mrefu sana baada ya kupewa ini jingine. Lakini vivimbe tisa vinavyoweza kuondolewa havimpeleki mama huko, na msitumie fedha wala mawazo yenu kwenye jambo hilo kwa sasa.

Hoja yake ya sindano ina uzito. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa 85 wenye uvimbe ulioanzia sehemu hiyo hiyo ya utumbo: waliopata oktreotaidi walikaa miezi 14.3 kabla ugonjwa haujaongezeka, na waliopewa dawa isiyo na kitu walikaa miezi sita. Sindano hutuliza dalili na kuuchelewesha uvimbe, ila ni nadra kuupunguza. Kuna pia kuziba mishipa inayolisha vivimbe, na kuna dawa ya lutetiamu, inayopeleka mionzi kwenye uvimbe wenyewe, ambayo katika utafiti uliotolewa mwaka 2017 iliwafanya asilimia 65 ya wagonjwa wafikishe miezi 20 bila ugonjwa kusonga mbele, ikilinganishwa na asilimia 11 ya waliotumia oktreotaidi peke yake kwa dozi kubwa. Mwambie kwamba kuchagua operesheni leo hakufungi milango hiyo. Mgonjwa aliyepunguziwa uvimbe mara nyingi huhitaji dawa kidogo ya kutuliza dalili, na ugonjwa unaporudi njia hizo zote huwa bado zipo, ikiwemo kupasuliwa mara ya pili. Lakini kwa kuwa yeye ndiye mwenye mfuko, aambiwe pia kwamba gharama haziishii kwenye operesheni. Kutakuwa na picha za CT au MRI kila miezi mitatu hadi sita mwanzoni, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, kwa miaka mingi, na huenda sindano zikaendelea. Familia inayouza shamba lote kwa ajili ya siku ya operesheni hukosa fedha za ufuatiliaji, na ufuatiliaji ndio unaowezesha ugonjwa kukamatwa ungali mdogo.

Kitinda mimba wenu naye atulie. Kwa uvimbe wenye Ki-67 ya asilimia 4, wiki kadhaa za kujiandaa hazimpunguzii mama chochote, na hata tarehe ikisogezwa ili vipimo vikamilike hakuna kilichoharibika. Tumieni muda huo kumlisha vizuri. Uvimbe huu hutumia kijenzi kile kile cha protini (triptofani) ambacho mwili huhitaji kutengenezea vitamini B3, kwa hiyo mwombeni daktari aangalie kama anahitaji kuongezewa vitamini, hasa kama ngozi ya mikono na shingo imekuwa ngumu na yenye magamba.

Kama ataagizwa kukusanya mkojo wa saa 24 ili kupima mabaki ya serotonini, msimamieni. Siku mbili hadi tatu kabla, na siku yenyewe ya kukusanya, asile ndizi, nanasi, parachichi, nyanya, bilinganya wala korosho, kwa sababu vyakula hivyo hupandisha kipimo hata kwa mtu mzima wa afya. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwagwe, kisha kila mkojo unaofuata uingie kwenye galoni, pamoja na ule wa asubuhi ya kesho yake. Ukipotea mmoja, kipimo kimeharibika. Na kama mama anameza omeprazo kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mwambieni daktari, maana dawa hiyo hupandisha kipimo cha damu cha kufuatilia uvimbe huu, kinachoitwa kromogranini A, na nimeona familia zikilia kwa namba iliyopandishwa na kidonge cha tumbo.

Limebaki suala la kumwambia mama, na hapa nitasema bila kuzunguka: mwambieni, na iwe kabla ya kutia saini fomu yoyote. Mwili ni wake. Hakuna daktari anayeruhusiwa kumkata mtu mzima mwenye akili timamu kwa idhini ya watoto wake, na hakuna mtoto anayepaswa kumwombea kitu cha namna hiyo. Zaidi ya hapo, ataishi na ugonjwa huu kwa miaka, atachomwa sindano, ataulizwa dalili zake kila anapohudhuria kliniki, na neno hilo atalisikia kwa mtu asiyempenda kama mnavyompenda ninyi. Akae naye yule mtu anayemwamini zaidi, pengine mjomba aliyekataa kukata tamaa, na mdogo wako awepo kwa simu. Muulizeni kwanza yeye mwenyewe anadhani ana nini. Mara nyingi wazazi wetu hujua zaidi ya tunavyofikiri na hunyamaza ili kutulinda sisi. Kisha mwambieni kwamba ni aina ya saratani inayokwenda polepole, kwamba haikuanzia kwenye ini, kwamba operesheni inaweza kumpa miaka na kumpunguzia kuharisha, na kwamba huenda ikarudi na itatibiwa tena. Muulizeni anachokihofia na anachokitaka. Inawezekana kabisa kwamba, akishajua yote, atasema anataka kubaki na sindano na asipasuliwe. Uamuzi huo nao una hoja ya kitabibu, na mtauheshimu.

Wiki hii piga simu kliniki ya upasuaji uulize mambo matatu: kama eko ya moyo imeandikwa, kama daktari wa usingizi ameshalisoma jalada, na kama jalada hilo limejadiliwa au litajadiliwa katika kikao cha wataalamu. Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, omba tarehe isogezwe hadi litakapokuwa ndiyo.